Cooper Black katika Maandishi ya Kiswahili: Sifa, Matumizi na Mipaka Yake

Makala haya yanafafanua sifa za fonti ya Cooper Black na kufaa kwake katika mabango ya biashara ya Kiswahili, kwa kuzingatia mazingira ya Kizota, jijini Dodoma. Fonti hiyo ilisanifiwa na Oswald Cooper wa Chicago, Marekani, na kutolewa mwaka 1922. Imejengwa juu ya herufi za serifi za mtindo wa kale, lakini mistari yake imenenepeshwa na miisho yake kuviringwa. Unene huo huvuta jicho la mpita njia kutoka mbali, na miviringo hustahimili uchapaji hafifu.

Hata hivyo, unene huohuo hubana matundu ya herufi ndogo. Katika Kiswahili, ambamo silabi nyingi huishia kwa irabu, athari yake ni kubwa. Maneno *pembe* na *pombe* hutofautishwa na irabu moja tu. Tundu la *e* likizibwa na rangi, msomaji aliye ng'ambo ya barabara huona *o*.

Kwa hiyo, fonti hii inafaa jina la duka au kichwa cha tangazo, si maelezo marefu. Duka la pembejeo linaweza kupamba jina lake kwa Cooper Black. Maelekezo ya kuchanganya viuatilifu yanahitaji fonti nyepesi yenye matundu wazi, kwa kuwa kosa la kusoma hapo hugharimu mazao na afya ya mkulima.