Joto la Kariakoo na Safari ya Mirihi

Je, binadamu atahamia sayari nyingine kabla dunia haijawa mahali pasipokalika? Swali hili haliko mbali na Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa nane mchana mwezi wa Februari.

Mwili haukuumbwa kwa safari hiyo. Mwanaanga anayeelea bila uzito hupoteza takriban asilimia 1 ya madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi, ingawa hufanya mazoezi kila siku. Huko Mirihi kanieneo ya hewa haifiki asilimia 1 ya ile tuliyoizoea, na hewa yenyewe karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Wachache huenda wakafika; Kariakoo nzima haitapanda chombo hicho.

Hapa chini, mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Hewa ya Dar es Salaam ikishiba mvuke wa bahari, jasho hutiririka tu, na joto hubaki mwilini. Kwa msukuma mkokoteni, basi, pasipokalika si habari ya karne zijazo.

Akianza kuyumba au kupayuka, msimdhanie mlevi. Joto la mwili likipita nyuzi 40 pamoja na kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto. Mtoeni juani, mpunguzieni nguo, mmwagieni maji na kumpepea papo hapo, huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Nasi wahudumu tupime malaria, lakini tusingoje majibu ndipo tumpoze.