Ukimpiga Muuguzi, Nani Atauguza?

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo tulilolishuhudia hapa Tunduma, nalo latuhusu sisi walimu kabla ya mtu mwingine.

Kijana mmoja, aliyehitimu Kurani katika chuo chetu, alimpeleka mkewe hospitali usiku, naye ana uchungu wa kuzaa. Muuguzi alikuwa mmoja, na wagonjwa wengi. Alipoambiwa angoje, kijana alipandwa na ghadhabu, akampiga muuguzi kofi. Basi yule aliyekuwa wa kumsaidia mkewe akawa analia pembeni. Alhamdulillahi, mama na mtoto walisalimika. Lakini tulijiuliza: tulimfundisha kusoma, je, tulimfundisha kuzuia hasira?

Wala si kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika kila wahudumu wa afya 100, baina ya 8 na 38 hupigwa au kudhuriwa mwilini katika maisha yao ya kazi.

Jirani zetu wa Kongo waliona msiba mkubwa zaidi. Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, ulienea uvumi kuwa waganga ndio walioileta. Februari 2019 vituo vya kuuguzia vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili mwaka huo, Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kusaidia, aliuawa katika hospitali ya Butembo. Kazi ilipokatizwa, maradhi yalipata njia. Hata yalipokwisha Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Zama za Mtume (s.a.w.), Bibi Rufaida wa Madina aliuguza majeruhi hemani, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika Vita vya Khandaki alipelekwa kwake. Hiyo ndiyo heshima ya mwuguzaji.

Hatusemi kuwa wauguzi hawakosei. Wako wenye maneno makali, na dawa nazo mara nyingine hukosekana. Mwenye lalamiko na aende kwa mganga mfawidhi, ataje siku na saa. Na nyumba yenye mgonjwa imchague mtu mmoja mpole wa kusema na wauguzi.

Yule kijana alikwenda kuomba radhi. Tulifuatana naye, kwani deni lilikuwa letu sote wawili.