Adui Yuko Chini ya Zege

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Zikishakatika, mitaa ya Mbeya na Iringa huonyesha madhara yake waziwazi. Njia ya gari kutoka getini hadi mlangoni imepata ufa unaoikatiza, kona ya zege imetitia, na lami ya mbele ya ofisi imemeguka ukingoni. Mwenye nyumba hulaumu saruji, au humlaumu fundi. Lakini mara nyingi kilichoharibu kazi ni maji yaliyokosa pa kwenda yakatuama chini ya zege. Ndiyo maana shilingi ya kwanza ya ujenzi huo inastahili kwenda kwenye mtaro.

Hoja hii ina umri wa miaka 200. Mwanzoni mwa karne ya 19, mjenzi wa barabara kutoka Scotland, John Loudon McAdam, alishikilia kwamba uzito wa magari hubebwa na udongo wa asili. Ukibaki mkavu, alisema, udongo huo hustahimili mzigo wowote. Ukilowa, hutitia pamoja na kila kilichojengwa juu yake. Kazi kubwa ya tabaka la juu ni kuuzuia usilowe.

Sayansi yake inaeleweka. Nguvu ya udongo hutokana na chembe zake kubanana na kusuguana. Maji yakijaa katikati ya chembe, huzisukuma mbali, na msuguano hupungua. Gari likipita juu ya zege lenye ufa, maji yaliyonaswa chini hubanwa na kuruka nje kupitia ufa, yakibeba udongo laini. Gurudumu likiondoka, zege huinuka kidogo na kuvuta maji mengine, kama bomba la sindano. Ukiona tope la kahawia kandokando ya ufa baada ya gari kupita, jua udongo wako unahama. Baada ya miezi kadhaa zege linabaki linaning'inia juu ya uwazi, nalo halikuumbwa kuning'inia. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kuhimili mgandamizo. Hapo ndipo linapokatika.

Kila mlima na udongo wake

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mji wa Iringa hupata takriban theluthi ya kiasi hicho. Hata hivyo, wingi wa mvua peke yake hauamui hatima ya njia ya gari. Maeneo mengi ya Mbeya na Rungwe yana udongo uliotokana na majivu ya volkano za Rungwe na Ngozi. Ni mwepesi, hushika maji mengi, na ukivurugwa ukiwa umelowa hulegea. Bondeni Usangu kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, ukilipandisha na kulishusha zege kila mwaka. Kwenye vilima vya Iringa, maji hupenya udongo wa juu, hukutana na mwamba, kisha huteremka juu ya mwamba huo hadi chini ya nyumba iliyo mteremkoni.

Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani haufai kuchukuliwa wote. Kule wanahangaika na maji yanayoganda ndani ya zege, kwa kuwa barafu huhitaji nafasi zaidi kwa karibu asilimia 9. Huku sakitu huonekana Kitulo na sehemu nyingine za juu sana, lakini barafu haivunji zege la mjini. Tishio letu ni maji yanayotembea na maji yanayotuama.

Kulijenga zege lisilokunywa maji

Anza chini. Ondoa udongo laini wenye mizizi, mwaga moramu, na uishindilie kwa matabaka ya sentimita 15. Kwa gari dogo, zege la sentimita 10 linatosha. Mahali patakapopita lori la mchanga panahitaji sentimita 15. Mteremko uwe angalau sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mtaroni na mbali na ukuta.

Kisha dhibiti maji ya kuchanganyia. Mfuko wa kilo 50 unahitaji takriban lita 20 hadi 25, zikijumlishwa na zile zilizomo kwenye mchanga uliolowa. Mafundi huongeza ndoo ili zege liteleze vizuri, lakini maji yaliyozidi hukauka na kuacha vijitundu ambavyo mvua itapitia.

Zege likishika, limwagilie maji siku 7 mfululizo. Kama mfuko una maandishi CEM IV, au msimbo wenye herufi P, saruji hiyo kwa kawaida imechanganywa na majivu ya volkano. Hiyo huziba vijitundu vizuri zaidi, ila hukomaa polepole, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai, basi iongezee siku. Kata pia viungo kila mita 2.5 hadi 3, kwa kina cha robo ya unene, ili zege likisinyaa lipasukie pale ulipoamua. Viungo hivyo vizibwe kwa lami au kizibio kinachonyumbuka.

Lami na mawe yake

Lami ni adimu majumbani, lakini ipo kwenye maegesho ya hoteli, ofisi na makanisa. Mawe ya jamii ya matale, kama yale ya Iringa, yana silika nyingi, na silika huvutana na maji kuliko na lami. Maji yakipata upenyo hujipenyeza kati ya jiwe na lami, na kokoto huanza kung'oka moja moja. Wajenzi wa barabara huongeza chokaa kidogo kwenye mchanganyiko ili lami ishike. Jua kali la nyanda za juu nalo huikausha lami hadi ikapoteza unyumbufu, na dizeli inayodondoka huilainisha. Shimo likitokea, likate kwa umbo la mraba hadi kwenye sehemu imara, likaushe, lipake lami ya maji, ulijaze na kulishindilia. Kiraka kilichotupwa juu ya tope hakimalizi msimu.

Oktoba ndiyo mwezi wa kazi

Kiangazi gonga zege kwa nondo: mlio wa uwazi unakuonyesha mahali ambapo udongo umeondoka. Safisha nyufa, uzizibe zikiwa kavu. Kisha tazama paa. Mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita 100 za mraba huleta lita 2,000 za maji. Bila gata, yote hayo huangukia ukingoni mwa njia yako.

Usiyaelekeze kwa jirani wa chini. Katika miji iliyopanda vilima, mtaro mmoja uliojaa plastiki huharibu njia za nyumba zote zilizo chini yake, na ukarabati wa kila mmoja huwa kazi bure. Majirani wakikutana Oktoba na majembe yao kuuzibua, watakuwa wamezilinda njia zao vizuri kuliko mifuko ya saruji watakayonunua Mei.