Kuingiza Neno Moja katika Majedwali Mengi: Kanuni za Hifadhidata ya Msamiati

Mkusanyaji wa msamiati anayetumia kompyuta huligawa kila neno katika majedwali kadhaa: la vidahizo, la maana, na la mifano iliyorekodiwa kwa wasemaji. Mpangilio huu unatokana na nadharia ya uhusiano iliyotolewa na Edgar F. Codd mwaka 1970. Faida yake ni kwamba kila taarifa huandikwa mara moja tu. Hatari yake ni kwamba uhusiano ukikosewa wakati wa kuingiza, maana na mifano hubaki yatima, bila neno la kuyarejea.

Kanuni ya kwanza ni ya ufunguo. Kila kidahizo kipewe namba yake pekee, wala tahajia isishike nafasi ya namba hiyo. Tuchukue "kaa": ni mnyama wa majini mwenye magando, ni kipande cha kuni kinachowaka, tena ni kitenzi. Tahajia ni moja, vidahizo ni vitatu.

Kanuni ya pili ni ya utaratibu: mzazi hutangulia mtoto. Kidahizo huingizwa kwanza. Hifadhidata hukipa namba. Namba hiyo hiyo huandikwa katika kila mstari wa maana zake. Isikisiwe kwa kutazama namba iliyo kubwa kuliko zote, kwani mwenzetu huenda anaingiza neno lingine papo hapo. Tuiulize hifadhidata namba iliyotupa sisi.

Mifano yadai uangalifu zaidi. Sentensi ya Lubumbashi "Batoto banakunywa mayi" ni ushahidi wa "mutoto", wa "kunywa" na wa "mayi" kwa pamoja. Tukiinakili mara tatu, atakayesahihisha nakala moja atazisahau mbili. Basi iandikwe mara moja, kisha jedwali la kiungo lipokee mistari mitatu, kila mmoja ukibeba namba ya sentensi na namba ya kidahizo.

Kanuni ya tatu ni ya muamala: hatua zote zifungwe pamoja, zikubaliwe zote au zitenguliwe zote. Umeme ukikatika baada ya kidahizo na kabla ya maana, hifadhidata irudi ilivyokuwa, nasi tuanze upya.

Kazi hii si ya fundi peke yake. Mzee aliyetupa sentensi leo huenda tusimpate kesho. Mfano wake ukipoteza kiungo, hakuna kamusi itakayoujua.