RANGI YA MBINGU KATIKA MCHEZO WA ZAMANI

Wengi wetu likizoni tumepata kucheza Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, kwa simu au kompyuta, ingawa ulitungwa kwa mashine ya Nintendo iliyounganishwa na televisheni. Programu inayoiga mashine hiyo ya kale huitwa emuleta. Lakini tazameni mbingu ya mchezo huo: katika emuleta moja ni ya samawati, katika nyingine yaelekea zambarau. Ipi ni ya kweli?

Mashine ile haikuwa na hesabu za nyekundu, kijani na buluu kama kompyuta za leo. Ilikuwa na nambari 64 tu za rangi, na kadhaa kati ya hizo ni nyeusi tupu. Kila nambari iligeuzwa kuwa wimbi la umeme: kimo chake chaeleza wingi wa mwanga, na kutangulia au kuchelewa kwake chaeleza ni rangi gani. Kulitafsiri wimbi hilo ilikuwa kazi ya televisheni, na televisheni za Marekani zilikuwa na swichi ambayo kila mtu aliizungusha apendavyo. Wahandisi walitania kwamba NTSC, utaratibu wa rangi uliokubaliwa huko mwaka 1953, maana yake ni “kamwe si rangi ile ile”.

Basi baadhi ya watengenezaji wa emuleta hunakili rangi kutoka katika televisheni za zamani, zile tuziitazo za chogo. Wana haraka, kwani zinazidi kutupwa. Wengine hupima umeme utokao katika mashine yenyewe, kisha hufanya hesabu ambayo televisheni ingeifanya. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, maana macho hudanganya. Lakini hata wao hulazimika kuchagua waige televisheni ipi, na kwa hiyo emuleta nyingi humwachia mchezaji achague.

Game Boy Advance ya mwaka 2001, mashine ya kushika mkononi, ina shida ya namna nyingine. Hiyo ilikuwa na hesabu kamili za rangi, 32,768, ila kioo chake cha kwanza hakikuwa na taa. Watungaji wengi wakatia rangi kali makusudi ili zionekane. Katika simu ya leo rangi hizo huchoma macho, na emuleta yenye uangalifu huzififisha, ijapokuwa hesabu zilizomo katika mchezo zasema vingine.