Tusiwaangushe wanaojua kwa sababu ya lugha

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Hawakutuambia, hata hivyo, tumfanyie nini mtu aijuaye maana barabara, ila akatakiwa kuitoa kwa lugha inayomkwama kooni. Swali hilo limenikera tangu siku nilipoketi katika jopo la kuwatahini wanafunzi wa mwaka wa nne wa sayansi ya tarakilishi, katika somo la mitandao ya kiwango cha juu. Mimi ni mwanaisimu, wala si mtaalamu wa mitambo. Nilialikwa kwa kuwa kanuni za chuo zilidai awepo mhadhiri mmoja kutoka idara nyingine.

Akaingia kijana mmoja, suti ikimpwaya mabegani. Mradi wake ulikuwa mtandao mdogo wa mashine sita, nao ulifanya kazi vyema mbele ya macho yetu. Ndipo mtahini mmoja alipomwuliza, kwa Kiingereza, kwa nini mashine inayotuma habari hupunguza kasi inapotambua kwamba vifurushi vyake vimepotea njiani, badala ya kuongeza kasi ili ifidie hasara. Kijana alikariri fasili ya kitabuni, neno kwa neno. Alipoambiwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe, alinyamaza. Jasho likamtoka.

Niliomba ruhusa, nikamwambia, "Kijana, hebu nieleze mimi nisiyejua." Nilisema kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili:

"Mwalimu, barabara ikijaa na kila dereva akazidi kujisukuma ndani, hakuna atakayefika. Mashine haiioni barabara yote. Inachojua ni kwamba jibu halikurudi. Kwa hivyo inachukulia kuwa kuna msongamano, inapunguza mwendo, kisha inaongeza kidogo kidogo ili ijue njia inabeba kiasi gani. Zote zikifanya hivyo, kila moja inapata nafasi. Moja ikikaidi, inazinyang'anya nyingine."

Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba dhana hiyo huweza kupotosha katika mtandao usiotumia waya, ambako kifurushi kinaweza kupotea kwa sababu ya mawimbi dhaifu ilhali njia ni nyeupe.

Mwenyekiti wa jopo alitukumbusha, kwa upole, kwamba mtihani huendeshwa kwa Kiingereza na kwamba yaliyosemwa kwa lugha nyingine hayawezi kutuzwa alama. Basi sehemu ya maelezo ikapewa alama za chini. Karatasi ile ina sahihi tatu, na mojawapo ni yangu.

Nilipotoka pale nilikwenda kuuliza na kusoma, nisije nikawa nimevutiwa tu na ufasaha. Niligundua kwamba kijana yule alikuwa amegusa kiini cha taaluma yake. Mnamo Oktoba 1986 intaneti, ambayo wakati huo ilikuwa changa, ilikumbwa na msiba. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwendo wa mita mia nne hivi, kasi ya mawasiliano ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna waya uliokatika. Mashine zilikuwa zikituma tena na tena vifurushi zilivyodhani vimepotea, na kila marudio yakazidisha msongamano. Mtaalamu Van Jacobson alichapisha dawa ya maradhi hayo mwaka 1988. Nayo ni hiyo hiyo aliyoieleza kijana wetu: punguza unapokosa jibu, kisha ongeza kwa tahadhari.

Hapa ndipo somo la mitandao linapoachana na ufundi wa kawaida. Fundi hujua waya upi uchomekwe wapi. Mwanafunzi wa kiwango cha juu hudaiwa kujua sababu: kwa nini kanuni ikawa hivi wala si vile, na itavunjika katika hali gani. Sababu haikaririwi. Hufikiriwa, na binadamu hufikiri vyema zaidi katika lugha aliyoizoea katika kubishana, kutania na kukosoa.

Kuna watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kubeba mambo hayo. Tulitazame neno moja tu. Kanuni ambazo mashine hufuata ili zielewane huitwa itifaki. Neno hilo tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni mapatano. Neno ambalo Waingereza hulitumia lilitoka Kigiriki, na hapo kale lilimaanisha karatasi ya kwanza iliyogundishwa mwanzoni mwa hati. Nakuuliza, msomaji mpendwa, ni lipi kati ya hayo mawili linalomfungulia mwanafunzi mlango wa maana?

Nikitaja mlango, nakumbuka jambo jingine. Kabla ya mashine mbili kuanza kupashana habari kwa itifaki iitwayo TCP, hubadilishana ujumbe mara tatu. Ya kwanza huomba kuanza, ya pili hukubali na kuomba kwa upande wake, kisha ya kwanza huthibitisha kwamba imesikia. Wanafunzi hutaabika kuelewa kwa nini mara mbili hazitoshi. Mtoto wa Pwani hahitaji kufundishwa hilo. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji huitikia karibu, naye mgeni hujibu starehe. Pasipo hiyo starehe, mwenyeji hana hakika kwamba sauti yake ilifika mlangoni.

Sisemi kwamba Kiingereza kitupwe. Vitabu vya fani hii vimeandikwa kwa lugha hiyo, waajiri huitumia, na mhandisi wa Nairobi atalazimika kuandikiana na mwenziwe wa Seoul au Frankfurt. Aidha, sisahau kwamba wapo wanafunzi wetu ambao Kiingereza huwatoka kwa wepesi kuliko Kiswahili, nao wasionewe. Ninachopinga ni mazoea ya kupima lugha huku tukijidanganya kwamba tunapima mitandao.

Gharama ya mazoea hayo si ya kijana mmoja pekee. Mnamo 2009 nyaya za mawasiliano za TEAMS na SEACOM, zipitazo chini ya bahari, zilianza kutuunganisha na ulimwengu kupitia Mombasa. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali isipostahili karibu na bandari hiyo, ikaukata waya wa TEAMS, na mawasiliano yakazorota. Siku kama hiyo anahitajika mtu awezaye kufikiri upesi: habari zipitishwe njia ipi, na njia hiyo itahimili mzigo kiasi gani kabla haijazidiwa. Fasili aliyoikariri haitamfaa kitu. Je, tuna hakika kwamba wawezao kufikiri hivyo sio tunaowaangusha?

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Jamhuri. Maadamu ni hivyo, mahakama na bunge vikiweza kumsikiliza mtu kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, chumba cha mtihani kina udhuru gani? Nionavyo mimi, hatua ya kwanza ni nyepesi: mwanafunzi anayejitetea kwa mdomo aruhusiwe kutumia lugha yoyote rasmi, na jopo liwe na mtahini wa fani anayezimudu zote mbili. Hatua ya pili yatuhusu sisi wanaisimu. Tutoke katika ofisi zetu, tuketi na wenzetu wa tarakilishi, tuwasikilize wanafunzi wanavyosema katika maabara, na istilahi tuziokote kutoka vinywani mwao badala ya kuzibuni chumbani na kuwapelekea kama amri.

Nimekwisha kuiandikia idara husika nikiomba alama za kijana yule zitazamwe upya. Nimeeleza niliyoyasikia, nikaweka sahihi yangu kwa mara nyingine. Jibu sijalipata bado. Nimepiga hodi, na nasubiri kuambiwa karibu.