Wavuvi Waliokwenda Mahakamani Kuutetea Mto

Ndugu msomaji, samaki hawezi kwenda mahakamani. Mto nao hauna mdomo wa kusema. Mto ukichafuliwa, watu wanaoutumia ndio wanaopaswa kuutetea. Leo tusome habari za wavuvi wa Uingereza waliofanya hivyo.

Katika nchi hiyo watu wengi huvua samaki mitoni kwa ndoana. Wengi wao si matajiri. Ni wafanyakazi wanaovua siku za mapumziko. Wameunda vyama. Chama hununua au hukodi haki ya kuvua katika sehemu ya mto. Chama kimoja kilikuwa katika mji wa Derby, nacho kilikuwa na haki ya kuvua katika mto Derwent.

MTO UNAHARIBIKA

Mto huo ulichafuliwa na watu wa aina tatu. Kiwanda cha nguo cha British Celanese kilimwaga maji ya moto yenye uchafu wa kiwandani. Halmashauri ya mji ilimwaga maji ya vyooni ambayo hayakusafishwa vya kutosha. Shirika la umeme lilimwaga maji ya moto kutoka katika mitambo yake.

Je, unajua kwa nini samaki walikufa? Samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Maji yakipata joto, hewa hiyo hupungua. Uchafu wa vyooni nao unapooza humaliza hewa hiyo. Samaki hukosa pumzi, hufa.

NGUVU YA UMOJA

Mvuvi mmoja hawezi kushindana na kiwanda kikubwa. Kesi ni ghali. Mwaka 1948 mwanasheria John Eastwood aliongoza kuanzishwa kwa chama cha wavuvi wa nchi nzima. Wanachama walitoa michango. Fedha hizo zilisaidia vyama vidogo kwenda mahakamani. Chama cha Derby kilisaidiwa hivyo.

Sheria ya Uingereza husema hivi: mwenye ardhi ya kando ya mto, au mwenye haki ya kuvua, anastahili kupata maji yakiwa katika hali yake ya asili. Aliye juu asimharibie aliye chini.

Halmashauri ilijitetea. Ilisema kwamba sheria iliiruhusu kujenga mitambo ya maji machafu. Ilisema pia kwamba mitambo ilitosha zamani, lakini watu wa mji wameongezeka. Mahakama ya Rufani ilikataa. Kuruhusiwa kujenga mitambo si kuruhusiwa kuharibu mto.

Mahakama haikuamuru fidia peke yake. Fidia peke yake ingekuwa kama kuuza ruhusa ya kuchafua. Mahakama iliamuru uchafuzi ukomeshwe. Wachafuzi walipewa muda wa kurekebisha mambo yao. Hukumu hiyo imo katika vitabu vya hukumu vya mwaka 1953, na mawakili huisoma mpaka leo.

KAZI INAENDELEA

Mwaka 2009 kazi ya chama hicho ilichukuliwa na chama kiitwacho Fish Legal. Chama hiki kilidai kwamba makampuni ya maji yaeleze yanamwaga nini mitoni. Mwaka 2015 kilishinda. Makampuni hayo sasa lazima yajibu maswali ya wananchi kuhusu mazingira.

NA WEWE JE?

Ndugu msomaji, Tanzania nayo ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo humpa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Pia humruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa.

Ukiona samaki wanaelea wamekufa, usinyamaze. Usiwale. Waonye wenzako wasinywe maji hayo. Andika siku, saa, mahali na rangi ya maji. Sasa unajua kuandika: kalamu yako ni shahidi. Kisha peleka habari kwa uongozi wa kijiji na kwa bwana samaki. Nenda pamoja na wenzako, maana kidole kimoja hakivunji chawa.